Lori Likifika Mjini

Jumapili, 3 Februari

Mkaza mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Hii ni barua yangu ya kwanza tangu niugue, na ukiona mistari inapanda na kushuka, usigeuze karatasi. Ni mkono wangu wa kulia unajifunza adabu upya. Dada wa mazoezi pale kliniki ameniamuru niandike ukurasa mzima kila wiki kwa mkono huohuo uliopooza. Nikamwambia ningeweza kupiga simu. Akasema simu haina mazoezi ya vidole. Moyoni nikashukuru, maana ulimi bado mzito, na kwenye simu nasikika kama mlevi, mimi ambaye pombe sijawahi kuionja. Kwa hiyo utanivumilia, tutaandikiana kama watu wa zamani.

Kompyuta imefika. Yule rafiki yangu dereva hakuipakia nyuma pamoja na mizigo. Aliikalisha mbele kwenye kabini, akaifunga mkanda kama abiria. Nimeiweka sebuleni juu ya meza ya kulia chakula, usukani nimeubana ukingoni, pedali ziko chini kwenye zulia. Mama yako mkwe analalamika kwamba sasa tunakula sahani zikiwa mapajani. Analalamika huku anatabasamu.

Kabla sijaiwasha niliikagua, kama ninavyokagua gari lililotoka safari. Nilifungua ubavu wa boksi, nikaona vile vijiti viwili vyembamba vilivyosimama wima: kimoja kimejitenga na mwenzake, kati yao kuna tundu tupu. Nikajua ni matuta ya barabarani yamekitikisa. Mzigo ukitawanyika huangusha gari kwenye kona, hilo halihitaji shule. Nikakichomoa taratibu, nikakisogeza kikasimama bega kwa bega na mwenzake. Usiwe na wasiwasi, kila kitu kimekaa sawa.

Mkwe wangu, nimeendesha malori tangu ndevu hazijaota, na siku ile nilipolazwa nilijua nimeshuka kwa mara ya mwisho. Wewe umenipandisha tena. Umeunda kitu hiki kwa mikono yako, baada ya kuchoka na kazi zako, kwa ajili ya mzee ambaye hakukuzaa. Sina cha kukulipa. Lori la kwenye gemu linakwenda vizuri sana. Nikifika mjini nababaika kidogo, lakini hayo ni yangu.

Baba mkwe wako


Jumatano, 13 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kazini, nimesimama kati ya printa ya shule iliyomeza karatasi na mteja aliyekuwa akinikumbusha kila mara kwamba ana haraka. Nimeisoma mbiombio, jicho moja kwake na jingine kwako, lakini hapo kompyuta ilipofungwa mkanda nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama printa yake imepona. Jioni nimemsimulia mwanao, naye akasema rafiki yako huyo hata mkewe hamfungi mkanda.

Baba, nimefurahi kwamba gari linakwenda. Dada wa mazoezi ameniambia kwamba mjini ndiko kwenye dawa. Barabara kuu iliyonyooka inakuachia mkono ulale, lakini mjini kuna kona, taa, breki na gia, na mikono yote miwili inaamka. Kwa hiyo usiukimbie mji. Hata mashine niliichagua kwa ajili ya mji. Prosesa niliyoweka ina nguvu kweli, maana kwenye gemu ile kila gari linalopita na kila mtu anayevuka barabara anahesabiwa na prosesa. Kumbukumbu nayo nilinunua ya kasi, nikairuhusu ikimbie mpaka mwisho wa uwezo wake. Ukiingia mjini, lori litateleza kama sabuni.

Unasema huna cha kunilipa. Je, umesahau? Nilipoletwa kwenu mara ya kwanza, shangazi zake mume wangu walinikuta nimepiga magoti nyuma ya redio yenu iliyokuwa bubu, wakanong'ona kwamba mwanamke wa bisibisi hatajua jikoni. Wewe ukawajibu kwamba wapishi mnao tele, mliyemkosa ni wa kuitengeneza redio. Nilikusikia, Baba. Tangu siku ile sijawahi kuingia nyumbani kwenu kama mgeni.

Nisalimie Mama. Mwambie nitamletea meza nyingine.

Mkweo, Fundi


Jumapili, 24 Februari

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kalamu, na hii naandikia jikoni nikisingizia kuchambua mchele. Kwenye simu siwezi kusema. Mzee wangu hatoki sebuleni, na masikio yake hayakupooza.

Usimwamini akikwambia gari linakwenda vizuri. Ameacha kuendesha. Mashine yako ameifunika kwa kitambaa cha meza. Tumerudi kula mezani kwa kujibanza pembeni yake, na mimi afadhali ningeendelea kula na sahani mapajani. Nilimbana mpaka akasema. Anasema akiwa barabara kuu hana shida, lakini akiingia mjini, penye magari mengi, picha inaruka. Gari lililokuwa mbele yake ghafla liko ubavuni. Anakata kona, anajikuta amepanda ukingo wa barabara. Na siku ile alipougua, mwanangu, ilianza hivyohivyo. Alisema, "Mbona naona vitu vinarukaruka," kisha kikombe kikamtoka mkononi.

Basi ameshajihukumu. Anasema kiharusi kinarudi. Kliniki hataki kwenda, asije akaambiwa. Nilimwambia huenda mashine ni mbovu. Akatoa barua yako, akanisomea pale uliposema prosesa ina nguvu na mjini lori litateleza kama sabuni. Akasema, "Fundi hakosei. Kinachokatika ni kichwa changu." Na wewe hataki ujue, anaogopa utamwona hana shukrani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemwambia, hasikii. Ndevu ameacha kunyoa mwenyewe. Kijiko amekihamishia mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umeanza kufunga vifungo vya shati, sasa ameulaza pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Barua ya wiki hii hajaiandika. Mwanangu, mimi ugonjwa wake niliuzoea. Huku kukata tamaa sikuwezi. Nisaidie.

Mama yako mkwe


Ijumaa, 1 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako imenitoa jasho, nami nakushukuru kwa kila neno lake. Bila wewe ningeendelea kujisifu huku wakati Baba anaumia.

Kwanza, kliniki. Hilo halina mjadala, hata kama mashine ndiyo mbovu. Mwambie unataka akusindikize ukapime presha yako, akishafika dada wa mazoezi atamalizia kazi. Hawezi kukuacha uende peke yako, namjua.

Pili, nakuomba jambo gumu. Baba akubali kuendesha mara moja tu, aingie mjini, na wewe usimame nyuma ya kiti chake utazame skrini. Ukiona na wewe picha imeruka, basi si kichwa chake, maana vichwa viwili haviwezi kuugua kwa pamoja kwenye kona moja. Mwanao ameniambia kwamba katika safari zote ulizopanda lori la Baba ulifumba macho tangu mnaondoka mpaka mnafika. Safari hii naomba uyafumbue.

Nisikie umeona nini, hata kama ni kitu usichokielewa.

Mwanao, Fundi


Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu,

Nimefumbua macho. Sitafanya tena.

Ilinibidi nimsusie chakula ndipo akafunua ile mashine. Nimesimama nyuma yake, nimeshika kiti kwa mikono miwili. Kule nje ya mji lori lilikwenda vizuri, hata nikaanza kuona raha. Tulipofika penye maduka na magari mengi, likashikwa na kwikwi. Sijui nikwambieje zaidi ya hapo. Picha ilisimama kidogo, ikaruka, ikasimama, ikaruka, na tulipofika kwenye mzunguko tukajikuta juu ya ukingo. Niliona kwa macho yangu haya. Nikapiga kelele, "Nimeiona, imeruka!" Nilikuwa na furaha hata jirani akachungulia.

Unajua alinijibu nini? "Unanifariji. Ningekwambia kuna ndovu barabarani, ungesema umemwona na mkonga wake." Akazima.

Kliniki tumekwenda. Alinisindikiza kama ulivyosema, na yule dada akamkamata mlangoni, akampeleka kwa daktari. Wamempima, wamemmulika macho, wamemtembeza kwenye mstari. Daktari amesema hakuna kipya chochote, na kwamba mkono usipotumika utarudi nyuma. Nilimshukuru Mungu palepale kwenye benchi. Njiani namuuliza kama sasa ameridhika. Akasema daktari amekiona kichwa kikiwa kimekaa kwenye kiti, hajakiona kikiwa mjini.

Kwa hiyo maneno yangu hayatoshi na ya daktari hayatoshi. Ataamini siku lori litakapoacha kwikwi. Itengeneze, mwanangu. Na usimwambie kwamba nilikuandikia, tusije tukafukuzwa wote wawili.

Mama yako mkwe


Jumanne, 12 Machi

Baba, shikamoo.

Nakuandikia kwa jambo la kazi, maana mashine niliyoiunda ni jukumu langu hata ikiwa mbali. Kiwanda kilichotengeneza ule ubao mama, ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndani ya boksi, kimetoa toleo jipya la programu yake ya ndani. Nimesoma maelezo yao. Toleo la zamani lilikuwa halielewani vizuri na kumbukumbu, na gemu zinazoipa prosesa kazi nyingi zilikuwa zinakwamakwama penye magari mengi. Kwa hiyo ukiona picha inaruka mjini, usijisingizie.

Programu hiyo ya ndani ifikirie kama utingo. Inaamka kabla ya kila mtu, inakagua magurudumu, inaitambulisha prosesa kwa kumbukumbu, ndipo inampisha dereva. Utingo akiwa mvivu, dereva hodari naye anaonekana mzembe.

Nimemkabidhi rafiki yako flashi, na toleo jipya limo. Ichomeke nyuma, washa huku ukibonyeza kile kitufe nilichokibandikia karatasi nyekundu kwenye kibodi, kisha ukubali unachoulizwa. Kazi ikishaanza, umeme usikatike hata kidogo, maana utingo aliyekatishwa katikati haamki tena. Ndiyo sababu nimetuma na kile kisanduku cha kushika umeme.

Ukimaliza, kwenye ukurasa uleule kuna sehemu ya kumbukumbu. Ninakilie kila kilichoandikwa hapo, usiruke hata neno. Liwe zoezi lako la vidole la wiki hii.

Mkweo, Fundi


Jumatano, 20 Machi

Mkwe wangu,

Kazi imefanyika. Mama yako mkwe alijiteua kuwa mlinzi wa umeme. Alisimama mbele ya swichi ya ukutani, mikono ameitandaza kama golikipa, akamkatalia jirani kuja kupiga pasi. Mstari wa buluu ulitambaa kwenye skrini taratibu sana. Sijawahi kuona mtu akiogopa kupiga chafya kama sisi siku ile. Ulipofika mwisho mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe, tukapeana mikono.

Uliloagiza nimenakili. Kumbukumbu: vijiti viwili. Kasi: 4800. Njia: moja. Hakuna lingine.

Sasa nikwambie ukweli, maana umejitaabisha na sipendi kukudanganya tena. Niliingia mjini mara tatu. Labda kuna nafuu kidogo, labda natamani tu iwepo. Picha bado inaruka, na mimi bado napanda ukingo. Katika kazi yangu yote sijawahi kugonga ukingo wa barabara, hata nikiwa na tela. Mashine umeshaipa dawa. Aliyebaki mgonjwa ni mmoja, na daktari wake si wewe.

Usihuzunike. Mimi sina majuto, nina shukrani. Kuna wazee wenzangu ambao wakwe zao hawajui hata wanapenda chai ya namna gani, na wangu ananiundia lori. Lakini kitu kizuri kisioze kwa mtu asiyekiweza. Rafiki yangu atapita huku mwisho wa mwezi, nitampa kompyuta na usukani avirudishe kwako. Mpe kijana yeyote mwenye kichwa kizima, au uza. Nimeshavipangusa.

Mwandiko wangu umenyooka kidogo, umeona? Nilitaka barua ya kuagana na lori iwe safi.

Baba mkwe wako


Jumatatu, 25 Machi

Baba, shikamoo.

Barua hii nimempa rafiki yako mkononi, na nimemwambia akipakia chochote kabla hujaimaliza, mimi na yeye basi. Kaa chini, mwite na Mama asikilize.

Umeniandikia kwamba vijiti ni viwili na njia ni moja. Niliposoma hapo niliweka bisibisi chini. Vijiti viwili vya kumbukumbu, Baba, vinatakiwa kufungua njia mbili. Vikionyesha njia moja, maana yake vimekaa bega kwa bega. Na hapo ndipo nilipokumbuka ulivyoniandikia ulipoikagua mashine, maneno niliyoyapita mbiombio huku mteja akinihimiza. Lile tundu tupu katikati halikuachwa na matuta. Nililiacha mimi, kwa makusudi.

Matundu yale yako manne: la kwanza na la pili yanatumia njia moja, la tatu na la nne yanatumia nyingine. Kijiti kimoja kikiwa tundu la pili na kingine tundu la nne, kila kimoja kina barabara yake, na prosesa inapokea mizigo kutoka pande zote mbili. Ukivisogeza pamoja, vyote vinapanga foleni kwenye barabara moja. Ukiwa nje ya mji mizigo ni michache, foleni haionekani. Ukiingia mjini, kila gari na kila mtu anayevuka lazima aletwe kutoka kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja. Prosesa ina nguvu, lakini imesimama mikono mitupu inasubiri. Picha inakwama. Mzigo ukifika, inaruka ili kufidia. Zaidi ya hapo, ubao ulipoona vijiti vimehamahama ukashusha kasi kwa usalama. Mimi niliweka 6000, wewe umesoma 4800. Hata dereva asiyeijua barabara hushusha gia. Utingo mpya ni mzuri na atakufaa, lakini hawezi kufungua njia iliyozibwa na mzigo.

Kwa dereva, mzigo uliotengana ni hatari, na kama huu ungekuwa mzigo wa lori, wewe ungekuwa umetuokoa. Mimi ndiye niliyesafirisha mzigo bila maelezo.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili, nalo nakuomba ulisome mara mbili. Baba, uliona sawasawa. Picha iliruka kweli, na wewe ukaiona inaruka, kila mara, palepale iliporuka. Kichwa kinachokatika kisingeona hayo. Kichwa chako kilikuwa kinafanya kazi kuliko mashine yangu.

Sasa tuitengeneze. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu. Kijiti kilicho kwenye tundu la tatu kirudishe la pili. Kibonyeze kwa vidole gumba vyote viwili, kimoja kila mwisho, mpaka usikie kikilia mara mbili. Nimesema vyote viwili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hicho cha kulia kimelala vya kutosha. Ukiwasha, rudi ukurasa ule wa kumbukumbu, chagua mstari wenye 6000, hifadhi.

Halafu uende mjini. Ukimaliza kuendesha bado unataka kuirudisha, nitakuja kuichukua mwenyewe wala sitabisha.

Mkweo, Fundi


Jumapili, 7 Aprili

Mkwe wangu,

Rafiki yangu alisimama sebuleni na kamba mkononi wakati naisoma barua yako. Nilipofika pale pa kusoma mara mbili, nikaisoma mara mbili, kisha nikashindwa kuendelea. Mama yako mkwe akaipokea akamalizia kwa sauti. Baadaye akaungama mbele ya shahidi kwamba alikuandikia kwa siri. Nikamwambia asante. Tangu tuoane sidhani kama nimewahi kumshangaza hivyo.

Kijiti kilikuwa kigumu. Kidole gumba cha kushoto kilishuka mara moja, upande wake ukalia. Cha kulia kikatetemeka juu ya kijiti. Rafiki yangu akasema, "Lete nikusaidie, mzee." Mama yako mkwe akamvuta shati. Nilibonyeza, nikapumzika, nikabonyeza tena, jasho linanitoka kwa kitu chenye uzito wa biskuti. Mara kikalia. Ile sauti ndogo, mkwe wangu, ilinipita mwilini mpaka magotini. Kidole hiki ndicho kilichoshindwa kushika kikombe.

Nimewasha. Skrini inasema njia mbili. Nimechagua 6000. Nikapanda lori.

Nje ya mji nilikwenda polepole, mwenda pole hajikwai, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika. Mama yako mkwe alisimama nyuma na jicho moja wazi, amesema mawili ni mengi. Tukaingia penye maduka. Magari yakajaa, watu wakavuka, basi likanikata mbele. Mabega yangu yalikuwa yamekaza yakisubiri picha iruke. Haikuruka. Nikakunja kona ya kwanza, haikuruka. Nikazunguka mzunguko wote nikatokea upande wa pili, gari limetulia kama maji ndani ya beseni. Sikuona haya kulia. Niliendelea kuendesha hivyohivyo, machozi yananidondokea shatini, na rafiki yangu akajifanya anakunja kamba.

Halafu, penye kona ya kulia inayoingia bohari, nikapanda ukingo. Tela likainama, makreti yakamwagika barabarani.

Mama yako mkwe akashika mdomo. Rafiki yangu akaanza kusema labda bado kuna waya fulani. Nikamwambia hapana, waya hauna kosa, picha haikuruka hata kidogo. Niliiona kona vizuri. Nilijua lini nikate usukani. Mkono wa kulia ulichelewa, basi. Nikacheka, mkwe wangu. Nilicheka mpaka wakadhani sasa ndiyo kweli kichwa kimekwenda.

Niwaelezeje? Wiki zote zile nilikuwa nagonga bila kujua ni nani anayegonga. Nilijiogopa mwenyewe kama mtu anayeishi na mwizi asiyemjua sura. Sasa nikipanda ukingo, nimepanda mimi, kwa mkono huu, na mkono huu una daktari, una dada wa mazoezi, una kesho. Kosa ambalo ni langu naweza kulirekebisha. Ulilonipa si lori tu. Umenirudishia makosa yangu, na sijui kama kuna mkwe aliyewahi kushukuriwa kwa zawadi kama hiyo.

Rafiki yangu ameondoka na kamba yake, mikono mitupu. Kona ile ya bohari nimeirudia mara nne. Zote nimegonga, ila ya nne nimegonga kwa gurudumu la nyuma peke yake.

Baba mkwe wako, dereva